Mzigo Ambao Sikuukung'uta

Tulipomaliza matanga ya Bibi, wanawake wa ukoo waligawana vitu vyake, na mimi nikapewa blanketi. Ni la kijivu, lina mistari miwili myekundu, zito kama ngozi ya ng'ombe, na linanuka moshi wa kuni na maganda ya kahawa. Sijajifunika hata siku moja. Huku ninakoishi ni jasho tupu. Lakini hata Kalinzi kwenyewe, kule milimani alikoishi Bibi, lilikuwa limekunjwa chini ya kitanda kwa miaka mingi. Mama mdogo aliyenikabidhi alisema, "Chukua tu. Mwenyewe aliliacha, alidai linamchoma." Wengine wakacheka, wakasema uzee una mambo yake. Mimi sikucheka. Nakumbuka zamani blanketi hilo lilivyokuwa halitoshi, tukaongeza na kanga juu yake na bado meno yakagongana. Nakumbuka pia masika ambayo Bibi alilitupa pembeni kwa mara ya kwanza.

Wakati huo nilikuwa darasa la pili. Tulikaa Kasingirima, mtaa wa Ujiji kando ya ziwa, Baba akiuza mawese na Mama akianika dagaa kwenye mwalo wa Katonga. Kati yangu na mdogo wangu Idi alizaliwa mtoto mwingine, msichana, ambaye homa ya masika ilimchukua kabla hajamaliza kuota meno. Mama hakuwa anamtaja. Ila kila mwaka, mvua za kwanza zikigonga bati, alianza kufunga mizigo yetu bila kumuuliza mtu.

"Mama Zaina, unawapandisha tena?" jirani aliuliza akiwa mlangoni kwake.

"Nawapandisha. Huku chini mie sina mtoto wa kuwapa."

Hakusema awape akina nani, na hakuna aliyeuliza. Kupandisha watoto ilikuwa desturi ya kila mwenye ndugu milimani. Ziwani kulikuwa na joto, mbu na homa. Juu kulikuwa na baridi, migomba na afya. Mama alizaliwa Kalinzi, akaolewa Ujiji na kusilimu huko, na kila alipoulizwa kwa nini watoto wake wanakosa shule wiki nzima nzima alijibu neno lile lile: "Homa haipandi mlima."

Nililiamini neno hilo kama lilivyo. Darasani kwetu ukuta ulipakwa rangi ya bluu mpaka usawa wa kifua, na kuanzia hapo kwenda juu ulikuwa mweupe. Nikajua kwamba mlima nao umepakwa hivyo mahali fulani, na mbu akifika kwenye ule mstari anageuza. Kila tulipopanda niliutafuta. Niliangalia mawe, magogo, kuta za nyumba zilizo kando ya barabara. Sikuuona, nikadhani pikipiki inakwenda kasi mno.

Mwaka huo tulipanda sote watatu kwenye pikipiki moja, mshikaki, Idi akiwa amebanwa kati yangu na Mama. Baada ya Mwandiga barabara ilianza kujikunja, upepo ukabadilika, na tulipofika kwenye kona yenye kijito Mama alimgusa dereva begani.

"Simama hapa, mwanangu."

"Kuna nini, mama?"

"Tunakung'uta."

Dereva alicheka. "Mbu gani atang'ang'ania pikipiki kwenye kona zote hizi? Ameshaanguka zamani."

"Wewe zima tu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Bibi. Anayetoka ziwani alitakiwa kufungua mzigo wake kwenye kona ile, akung'ute kila nguo mara tatu kuelekea bondeni, na kusema, "Rudini kwenu." Kitakachokuwa kimejificha kwenye mikunjo kibaki huko huko chini. Mama alikung'uta vyake, akakung'uta vya Idi. Mimi nilikuwa na kifurushi changu mwenyewe, kanga iliyofungwa fundo, na ndani yake nilikuwa nimeficha kashata nne za karanga nilizoziiba kwenye sahani ya jirani niliyokuwa nikimwuzia. Nikifungua, zitaanguka. Nikawapa mgongo, nikakitikisa kifurushi kikiwa kimefungwa vile vile, nikasema "Rudini kwenu" kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Umekung'uta?" Mama aliuliza.

"Nimekung'uta."

Bibi alikuwa akitungoja uani, mikono ina udongo. Tulimsalimia, shikamoo, na yeye akaitikia marahaba, kisha kabla hata hajampokea Idi akauliza, "Mmekung'uta?" Mama akasema ndiyo. Mimi nikaangalia kuku.

Siku iliyofuata Mama aliteremka, na alibeba vyandarua viwili vipya, bado viko kwenye mifuko yake. Vilikuwa vimegawiwa bure kijijini, kila kaya. Bibi ndiye aliyempa.

"Huku nimfunike nani? Kuku?" alisema. "Nenda navyo. Dagaa wako wasile mchanga."

Ndivyo ilivyokuwa. Dagaa walipanda, vyandarua vikashuka. Mama alivitandaza Katonga, akamwaga dagaa juu yake, wakakauka wakiwa safi, na sehemu yao ikarudi kwa Bibi ikaliwa na ugali wa muhogo. Wanawake wengine mwaloni walifanya hivyo hivyo na ndugu zao wa milimani. Hakuna aliyeona kosa. Mimi leo ni mtu wa kuhoji kila kitu, nimewahi kuambiwa kwamba naweza kuhoji hata salamu, lakini nikijiweka pale uani siku ile sidhani kama ningesema neno. Ukiwa na miavuli miwili na hujawahi kuona mvua, mmoja utampa anayelowana. Yote miwili pia utampa.

Ishara zilianza ndogo ndogo. Usiku wa pili au wa tatu Bibi aliketi kitandani, akalisukuma blanketi mpaka miguuni. "Hii nyumba ina nini? Nani kaziba upepo?" Asubuhi alikuwa na jasho kwenye kola ya gauni, kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake.

Kisha ikaja kahawa. Mjomba Festo, kaka yake Mama, aliyekuwa akikaa na Bibi na kulima shamba lake, aliingia na kiganja kilichojaa matunda mabichi. Kila tunda lilikuwa na tundu dogo kwenye kitovu, kana kwamba mtu alipita shambani na sindano. Alilipasua moja kwa ukucha. Ndani, punje ilikuwa imeliwa ikawa unga, na katikati ya unga alikuwamo mdudu mweusi, mdogo kuliko kichwa cha kiberiti.

"Hawa si wa kwetu," Mjomba alisema. "Hawa walikuwa wa mashamba ya chini."

"Wamefikaje?" Bibi aliuliza.

"Nitajuaje? Labda wamebebwa."

Kashata nilikuwa nimeshazila zote siku ya kwanza, nyuma ya zizi la mbuzi, lakini kifurushi nilikuwa nacho bado. Wa chini. Wamebebwa. Usiku ule nilikikagua kifurushi changu, kila mkunjo, nikatafuta wadudu wadogo weusi niliowaleta. Sikuona kitu, na kutoona kitu kulinitisha zaidi. Maana yake ni kwamba walikuwa wameshatoka.

Tangu hapo nilianza kuliona kosa langu kila mahali. Nyuma ya nyumba Mjomba alikuwa amechimba mashimo ya udongo wa matofali, na mvua ilikuwa imeyajaza. Mimi na Idi tuliyatumia kuelesha majani ya mgomba. Adhuhuri maji yake yalikuwa na uvuguvugu kama ya kuoga. Nikiwa nimeinama niliona vitu kama nyuzi fupi zimelala juu ya maji, nyingi, zimenyooka. Nilipoyagusa maji zilijipinda zote kwa pamoja zikazama. Nikangoja. Zikarudi moja moja. Nilijua ni nyuzi za kanga yangu, ile iliyofunga kifurushi, zimepata uhai.

"Dada, samaki," Idi alisema.

"Si samaki. Usiwaambie."

Na jioni moja nikamwona huyo mwenyewe. Alikuwa ukutani juu ya kitanda ambacho Idi na mimi tulilalia, kwenye udongo uliopigwa chokaa. Mbu niliowazoea Kasingirima walikaa wamelala sambamba na ukuta. Huyu aliinamisha kichwa na kuinua nyuma, kama mtu aliyesujudu. Madrasa nilikuwa nimeshafundishwa adabu ya kutopita mbele ya anayeswali. Nikasimama kimya, nikimngoja amalize. Hakumaliza.

"Mjomba," niliita, "kuna mdudu anaswali."

Mjomba Festo aliingia na kibatari, akainama, kisha akacheka mpaka akashika mlango. "Mama, njoo uone! Hawa Waswahili wa Ujiji wamesilimisha mpaka wadudu!" Akapiga kofi ukutani, akamkosa. Mdudu akapotelea gizani kwenye dari.

"Ni mbu," nikasema.

"Mbu huku? Angekufa kwa baridi tangu Mwandiga."

"Lakini hakuna baridi, Mjomba."

Aliacha kucheka kidogo. Akaangalia mkono wake, ule aliopigia ukuta, halafu akasema nilale.

Idi alianza kuumwa wakati tumeshamaliza mwezi huko. Siku ya kwanza alikataa ndizi akajilaza kwenye mkeka. Bibi alimgusa shingo. "Baridi ya huku imemwingia," alisema, na akamfunika lile blanketi la kijivu, akasogeza mafiga karibu na kuongeza kuni. Idi alitokwa na jasho, akatulia, akaomba maji. Tukaona dawa imefanya kazi. Siku ya pili alitetemeka mpaka mkeka ukawa unakwaruza sakafu. Bibi akaongeza kuni.

"Tumpeleke zahanati?" Mjomba aliuliza.

"Wakampime nini? Mtoto ana mwezi mzima hapa. Homa ya chini ingekuwa imeshatoka. Ni baridi, Festo. Na meno."

Nilikuwa nimeketi mlangoni, kifurushi changu kiko mapajani. Nilijua jambo ambalo wao hawakulijua, au nilidhani najua. Nilipima maneno. Nikisema, nitachapwa kwa uongo, nitachapwa kwa kashata, na Mama ataambiwa kwamba mimi ndiye niliyemfungulia mlango kile kilichomchukua yule binti yake. Nisiposema, labda ni baridi kweli. Watu wazima wawili walisema ni baridi. Nani mimi? Nikakaa na hesabu hiyo siku nzima, na usiku wake, huku Idi akinung'unika majina ya kuku.

Asubuhi ya tatu macho yake yaligeuka. Mwili ukakakamaa, ukaanza kurukaruka, povu mdomoni. Bibi alipiga ukelele kwa Kiha, akimwita mama yake aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Jirani, Mama Neema, alikuja mbio na mtoto wake mgongoni, akatazama mara moja akasema, "Degedege. Huyo si wa sindano, msimpeleke kwa sindano, atawafia njiani." Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mganga anayejulikana kwa degedege. Mjomba alikuwa ameshavaa koti kumfuata. Kwenda na kurudi kwa mguu ingekuwa alasiri.

"Sikukung'uta," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Nikasema tena, nikapiga kelele. "Bibi, sikukung'uta! Ni mbu wangu! Nilimleta kwenye kanga, anaswali ukutani, ana watoto kwenye shimo la matofali!"

Bibi aligeuka. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu yeyote tena.

"Kwenye kona? Hukufungua?"

"Sikufungua."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na kashata."

Nilifumba macho nikingoja kofi. Badala yake nilimsikia akivuta pumzi, kama mtu aliyeonyeshwa njia. "Basi ni homa ya chini," alisema. "Festo, vua koti, mfunike mtoto. Tafuta pikipiki. Zahanati, haraka!"

Mama Neema akasema, "Lakini degedege..."

"Si degedege, mwenzangu! Ni ya Ujiji, imeletwa! Ina dawa yake!"

Daktari wa zahanati alimtoboa Idi kidole, akadondosha damu kwenye kipande cheupe cha kupimia homa, na kabla mistari haijatimia alikuwa ameshatafuta mshipa. Alimwuliza Bibi ni siku ngapi. Bibi akasema tatu. Daktari hakusema kitu, akaendelea kufunga dripu, na ule ukimya wake ndio ninaousikia hata leo watu wakinisifu kwamba nilimwokoa mdogo wangu.

Idi alipona. Nasema alipona kwa sababu yuko hai, ni kijana mrefu, anabeba magunia mawili Mama akibeba moja. Ila alirudi Kasingirima akiwa amepoteza maneno, na mengine hayakurudi. Akitaka kuniita, husimama kwanza, anatazama midomo yangu, na jina linakuja vipande vipande.

Chuoni nilisoma yale ambayo ningependa kuyajua nikiwa mlangoni na kifurushi. Mbu hakuhitaji kanga yangu. Huenda wachache walikuwako Kalinzi siku zote. Lakini kijidudu cha homa hukua ndani ya mbu kwa kutegemea joto, na palipo na baridi hukua polepole mno, hata mbu anakufa kwa uzee kabla ugonjwa haujaiva. Mstari niliokuwa nikiutafuta mlimani ulikuwepo kweli. Ulikuwa tumboni mwa mbu. Joto likipanda kidogo tu, kiasi cha kumfanya bibi kizee asukume blanketi, ugonjwa unaiva mapema na mbu bado ana siku za kuishi. Vile vidudu vya kahawa navyo vina kipimo chao cha joto, huko shambani. Mwalimu alieleza vizuri. Nikanyoosha mkono nikauliza: na yale mashimo ya matofali je? Na bonde walilofyeka mafunjo ili walime mboga, jua likayafikia maji? Na pikipiki zinazopanda kila saa na watu wenye homa damuni? Akasema yote huchangia. Nikauliza kila kimoja kwa kiasi gani. Akasema swali zuri, akafuta ubao. Mpaka leo siwezi kusema kwa hakika ni nini kilimwingia Idi, na namwogopa kidogo kila mwenye jibu moja.

Kwa sababu jibu moja nimewahi kulitoa mimi, na lilipendwa. Tuliporudi kutoka zahanati Bibi alichoma ile kanga uani. Habari ikaenda nyumba hadi nyumba: mtoto wa Ujiji hakukung'uta. Watu walikuja kuniangalia, wakatikisa vichwa, na nyusoni mwao niliona nafuu. Daktari alipita akiwaambia watundike vyandarua, wafukie mashimo. Walimsikiliza kwa heshima. "Tumeshajua ilikotoka, daktari," Mama Neema alimjibu, akimtingisha mwanawe mgongoni. Wiki ile ile chandarua chake kilishuka Katonga.

Masika yaliyofuata Mama alitupandisha tena. Angefanya nini? Chini alikuwa amezika mtoto. Juu, kosa lilikuwa limeshapata mwenyewe. Kwenye kona nilikung'uta kila kitu, nikavua hata viatu nikavigonga kwenye jiwe, nikamkung'uta Idi nywele. Dereva hakucheka.

Tulipofika uani hatukumkuta Bibi. Alikuwa kwa jirani. Tuliwakuta watu wengi wameketi nje kwa Mama Neema, wanaume upande mmoja, na mbele yao kaburi dogo, udongo wake bado mwekundu. Lilikuwa la Neema, yule mtoto wa mgongoni, ambaye hakuwahi kushuka ziwani maisha yake yote. Hakuwahi kufika hata Mwandiga. Na sisi tulikuwa hatujakanyaga Kalinzi tangu mwaka uliopita.

Bibi alituona akainuka, akaja taratibu. Nilimpa shikamoo. Hakuitikia. Alinishika mabega, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, na kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayeomba, akaniuliza, "Zaina, mwaka huu umekung'uta?"

Nilielewa kwamba alitaka niseme hapana. Wote walitaka. Mama Neema alikuwa amenyanyua kichwa kwenye mkeka.

"Nimekung'uta, Bibi. Vyote."

Alinishikilia kidogo zaidi. Kisha akaniachia, akasimama wima, akaangalia juu ya nyumba yake, ambako shamba la kahawa lilipanda mpaka ukingoni, na baada ya ukingo hakuna kitu ila mawingu.

"Sasa tuwapandishe wapi?" akamwuliza Mama.